Saa Nne Hadi Saa Nane

Anayetafuta vimelea vya matende katika damu aichukue damu hiyo kati ya saa nne na saa nane usiku. Anayetafuta mayai ya kichocho katika mkojo aupokee mkojo huo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kila mwaka naanza kozi ya vimelea kwa kuandika mistari hiyo miwili ubaoni, kabla sijataja jina hata moja la Kilatini. Wanafunzi wa udaktari wanainakili haraka wakijua kwamba itatoka kwenye mtihani, na kweli hutoka. Lakini kwangu mimi mistari hiyo miwili ndiyo kozi yenyewe, na mihadhara yote inayofuata ni maelezo yake.

Mafunzo ya udaktari humzoesha kijana kuamini kwamba muda ni mali ya hospitali. Kliniki inafunguliwa saa mbili asubuhi, dirisha la maabara linapokea sampuli mpaka saa iliyopangwa, raundi ya wodi inapita inapopita, na mgonjwa ndiye anayesubiri kwenye benchi. Vimelea havikubali utaratibu huo. Vina saa zao, vimezifuata tangu enzi ambazo hapakuwa na hospitali, na atakayevitafuta kwa saa zake mwenyewe ataandika kwenye fomu kwamba mgonjwa hana kitu. Fomu hiyo itasomwa na daktari mwingine, ataiamini, na mgonjwa atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Tuchukue matende. Minyoo mikubwa ya Wuchereria bancrofti hukaa katika mishipa ya limfu na kuzaa mikrofilaria kwa maelfu. Mchana mikrofilaria hizo hukaa ndani, hasa katika mishipa midogo ya mapafu. Usiku hutoka na kuzunguka katika damu iliyo karibu na ngozi. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi katika mji wa bandari wa Amoy nchini China, alionyesha mwaka 1877 kwamba mbu huzinyonya na kwamba hukua ndani ya mwili wa mbu. Muda mfupi baadaye akaeleza pia mwendo wao wa usiku na mchana. Mbu wanaoeneza ugonjwa huu pwani yetu, Culex wa mitaroni na Anopheles wa vijijini, huuma usiku. Katika visiwa vya Polynesia, ambako mbu mwenezaji huuma mchana, minyoo ya spishi ileile huonekana katika damu mchana pia. Na Loa loa ya misitu ya Kongo na Kameruni, inayoenezwa na nzi anayeuma jua likiwaka, hujaa katika damu mchana na kupungua usiku. Mwanafunzi akishayaona hayo matatu kwa pamoja, saa inaacha kuwa jambo la kukariri. Anaona kwamba saa ya kimelea ni saa ya yule atakayekibeba.

Kisha nawapa habari ya Stephen Mackenzie. Mwaka 1881, mjini London, alimpanga mgonjwa wake alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku kadhaa mikrofilaria zikabadili ratiba nazo, zikawa zinajaa katika damu mchana, mwenye mwili akiwa amelala. Nawaachia darasa swali: akija kwenu mlinzi wa usiku kutoka Temeke, mwenye mguu ulioanza kuvimba, mtamtoa damu saa ngapi? Pananyamaza. Wanatambua kwamba jibu haliko kitabuni. Inabidi kwanza kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani, analala saa ngapi, anaishi vipi. Hapo ndipo ninapotaka wafike mapema kadiri inavyowezekana: kimelea kimeshika saa ya maisha ya mtu, na asiyeyajua maisha hayo hataipata saa hiyo.

Katika chumba cha vitendo tunaanza na tone la damu. Mwanafunzi analitandaza kwa kona ya slaidi ya pili mpaka liwe duara lenye upana wa kama sentimita moja, kisha anaiweka slaidi juu ya ukurasa wa gazeti. Damu ikiwa bado mbichi, maandishi yasomeke kupitia humo. Yasiposomeka, tandazo ni nene mno, litabanduka likioshwa. Yakisomeka kama hakuna kilichowekwa juu yake, damu ni kidogo, na vimelea vichache vitapotea. Anaiacha ikauke yenyewe, bila moto na bila methanoli, kwa sababu katika tandazo nene tunataka chembe nyekundu zipasuke na kuondoka. Kisha inakuja rangi ya Giemsa, inayobeba jina la mkemia wa Hamburg aliyeitangaza mwaka 1904, ikichanganywa na maji yenye pH 7.2. Maji yakienda kombo kidogo tu, kiini cha kimelea kinachopaswa kuwa chekundu kinafifia, na mtazamaji anabaki kubahatisha.

Baada ya hapo inakuja kazi ngumu zaidi, nayo ni kutazama. Kanuni inataka mtazamaji apitie maeneo 100 chini ya lenzi ya mafuta kabla ya kusema hajaona kimelea. Mtu mzoefu wa maabara huyapita kwa utulivu. Mwanafunzi shingo inamuuma, jicho linatoa machozi, na akifika eneo la 20 akili inaanza kumshawishi kwamba kote kutakuwa hivyo hivyo. Nikipita nyuma ya viti nasikia, "Dokta, hapa hakuna kitu." Nauliza, "Umefika eneo la ngapi?" Anarudi kwenye lenzi. Yupo atakayefika eneo la 70 na kitu, akutane na kipete chembamba cha buluu chenye nukta nyekundu pembeni, na hatahitaji mtu wa kumthibitishia. Maeneo yale yote aliyoyaona matupu yamekwisha kumfundisha sura ya uchafu wa rangi, sura ya chembe sahani, sura ya mkwaruzo wa kioo. Anakijua kimelea kwa sababu amekaa vya kutosha na visivyokuwa kimelea.

Na bado maeneo 100 yana mipaka yake. Plasmodium falciparum hukua ndani ya chembe nyekundu kwa mzunguko wa karibu saa 48. Katika nusu ya kwanza kinatembea na damu, na damu ya kidoleni inaweza kukionyesha. Kikikomaa, chembe iliyokibeba inanata kwenye kuta za mishipa midogo, ya ubongo, ya utumbo, na haipiti tena kidoleni. Mtoto anaweza kuwa amezidiwa na slaidi yake ikaonyesha vimelea vichache tu. Mama mjamzito anaweza kuwa na slaidi safi kabisa huku kondo la nyuma limejaa. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya nyuma ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, walieleza ni kwa nini: vimelea vya huko hushika molekuli maalumu iliyo kwenye kondo, ambayo vile vinavyoshika sehemu nyingine za mwili havishiki. Mvuvi aliyetupa wavu maji yakiwa yamekupwa hasemi kwamba bahari haina samaki. Husema leo sikupata, na anajua atarudi maji yakijaa. Daktari naye aseme hivyo, arudie kipimo baada ya saa kadhaa, na wakati huo asimwache mgonjwa.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha kichocho. Tunauacha utue mkojo uliochukuliwa mchana, na chini ya lenzi ndogo yanaonekana mayai ya Schistosoma haematobium, marefu, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, kila moja na mwiba mmoja kwenye ncha. Ukitazama vizuri, ndani ya yai kuna kitu kinachopapatika. Ndipo naongeza maji safi yasiyo na klorini na kuisogeza slaidi karibu na taa. Hazipiti dakika nyingi, ganda linapasuka, na mirasidia inatoka, imejaa vinyweleo vinavyopiga, inaogelea kwa kasi hata mkono unashindwa kuifuata. Ina saa chache tu za kuishi kama hatapatikana konokono wa jamii ya Bulinus. Ikimpata, baada ya wiki kadhaa mirasidia moja itakuwa imezaa serkaria kwa maelfu, nazo zitatoka kwa konokono jua likiwa juu, saa ambayo watoto wameshatoka shule na wako majini, na akina mama wanafua. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako panya ni wenyeji wakubwa wa Schistosoma mansoni, serkaria zimesogeza saa yao hadi jioni, panya wanapoanza kutoka. Ni sheria ileile ya matende, sasa ikionekana majini.

Katika kipindi hicho darasa lenyewe linakuwa na ushahidi. Wengi wa wanafunzi wangu wamekulia kando ya Ziwa Viktoria au katika vijiji vya Unguja na Pemba. Wanaikumbuka fimbo iliyochorwa mistari ya rangi, waliyosimamishwa kando yake shuleni ili urefu wao useme vidonge vingapi vya prazikwanteli. Wanakumbuka kunywa uji kwanza, kisha vidonge vikubwa vichungu. Wapo waliotoka sehemu ambazo damu katika mkojo wa mvulana ilichukuliwa kuwa dalili ya kukua, na hakuna aliyeshtuka. Mtu mmoja anaposimama na kulieleza hilo mbele ya wenzake, najua somo limeingia mahali ambapo mchoro wenye mishale hauwezi kuingia.

Nalipima jambo hilo dhidi ya historia ya somo lenyewe. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, katika maiti za Wamisri. Shule ya tiba ya magonjwa ya kitropiki ya Liverpool iliasisiwa mwaka 1898, na ya London, aliyoiasisi Manson, mwaka 1899, ili kuwaandaa madaktari wa dola waliokuwa wakienda kwenye makoloni. Mwanafunzi wa wakati ule alijifunza vimelea vya watu wengine, katika maji ambayo hakuwahi kuogelea. Elimu waliyotuachia ni kubwa na tunaitumia kila siku. Lakini wao walilazimika kumwuliza mwenyeji mto uko wapi, na wanafunzi wangu ndio wenyeji. Wanaujua mto, wanajua nani anakwenda mtoni na saa ngapi, na kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba ujuzi huo ni sehemu ya udaktari, wasiuache mlangoni wanapovaa koti jeupe.

Zipo saa nyingine ambazo ni fupi mno, na nyingine ndefu kuliko subira ya mtu. Mayai ya minyoo ya safura kwenye slaidi ya Kato-Katz huyeyuka machoni pa mtazamaji: gliserini inayosafisha kinyesi inaendelea kuyasafisha mayai nayo, na slaidi isiposomwa ndani ya saa moja huweza kutoa jibu kwamba mtu hana safura. Amiba anayetembea huonekana katika choo kibichi, bado kina joto. Akichelewa kutazamwa anajikunja na kutulia. Upande wa pili yupo Strongyloides, anayeweza kuishi ndani ya mtu kwa miongo kadhaa kwa kujiambukiza upya, kimya kabisa, hadi siku daktari atakapomwandikia mgonjwa prednisoloni au deksamethasoni kwa ugonjwa mwingine. Kinga ikishuka, lava hutapakaa mwili mzima, na wagonjwa wengi hufa. Wakati wa UVIKO-19, deksamethasoni ilipotumika kwa wingi, onyo hilo lilibidi kutolewa upya. Na yupo tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimezwa huweza kujenga malengelenge ubongoni, na kifafa kikaanza miaka baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kusahau alikuwa akiishi wapi na kula kwa nani. Kwa wagonjwa hawa swali la "umeanza kuumwa lini?" halitoshi. Inabidi kuuliza maisha yote.

Dawa nazo zina saa. Prazikwanteli huwaua minyoo wa kichocho waliokomaa, lakini wale waliopenya ngozi wiki mbili au tatu zilizopita hawaguswi sana. Daktari asiyelijua hilo humpa mgonjwa dozi, akamkuta na mayai miezi michache baadaye, akasema dawa ni feki. Anayelijua humpangia siku ya kurudi.

Baada ya saa za vimelea ndipo nazungumzia saa za watu, na hapo sauti yangu hubadilika, wanafunzi wamekwisha kuniambia. Kuchukua damu usiku kuna maana ya kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watoto wamelala, ukiwa na gari geni, taa ya kichwani na sindano. Pwani hii ina masimulizi ya mumiani, ya watu wanaotoka usiku kunyonya damu za wenzao, na masimulizi hayo yana umri mkubwa kuliko utafiti wowote. Timu inayoingia kijijini saa nne usiku bila kukaa kwanza na mwenyekiti, na wazee, na akina mama, inastahili kukataliwa. Mpango wa kutokomeza matende ulipoanzia Mafia mwaka 2000, kazi ilikuwa ya vidonge, lakini pia ilikuwa ya kukaa vikao na kueleza kwa nini mtu asiyejisikia mgonjwa ameze dawa. Na dawa ikigawiwa shuleni asubuhi, inamkosa mtoto asiyesoma, na inamkosa kijana aliyekesha ziwani akivua dagaa kwa taa na sasa amelala. Wao ndio wanaoingia majini zaidi ya wote. Tukiandika kwamba kijiji kimetibiwa bila kuwahesabu hao, tumefanya lile lile la kuchukua damu ya matende mchana.

Nawaonyesha pia mgonjwa wa mabusha. Mara nyingi damu yake, hata ya usiku wa manane, haina mikrofilaria hata moja. Minyoo ilikwisha kufa, mishipa ya limfu ikabaki imeharibika, na mtu amebaki na uzito unaomzuia kufanya kazi, aibu inayomfungia ndani, na ndoa iliyoyumba. Kwake yeye jibu la maabara kwamba hana vimelea ni la kweli kabisa, na halimsaidii kitu. Anahitaji upasuaji, na anahitaji daktari atakayemtazama usoni anapomweleza. Mwanafunzi anayedhani kwamba kimelea kikiondoka ugonjwa umekwisha bado hajaelewa somo.

Teknolojia imetupunguzia usiku mwingi. Kadi ya kupima antijeni ya matende hutoa jibu saa yoyote, na mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imefika kwenye zahanati ambazo hazikuwahi kuwa na hadubini. Nazipongeza kwa moyo wote. Zimeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini nazo zina saa zake. mRDT inayotafuta protini iitwayo HRP2 huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa protini hubaki katika damu. Na nchini Eritrea vimepatikana vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, hivyo kipimo kinatoa jibu hasi na damu imejaa. Ukanda wa kipimo una mistari, na asiyejua mistari hiyo imetoka wapi hawezi kujua lini aishuku.

Mafanikio yenyewe yanalifanya jambo hili kuwa la haraka zaidi. Zanzibar, ambako malaria ilishuka sana na kichocho kimepungua mno katika shehia nyingi, ni mfano wa kheri tuliyoitamani. Pale ambapo zamani slaidi kumi zingekuwa na vimelea, leo itakuwa moja, na hiyo moja itakuwa na vimelea vichache. Maambukizi mepesi ndiyo ambayo vipimo vyetu huyakosa kwa urahisi. Yaani kadiri tunavyokaribia ushindi, ndivyo kila jibu la "hakuna" linavyohitaji mtazamaji mvumilivu zaidi, na ndivyo vyuo vinavyoona sababu ya kupunguza vipindi vya hadubini, kwa hoja kwamba magonjwa haya yanaondoka. Naielewa hoja hiyo. Ratiba imejaa na wanafunzi ni wengi. Lakini inatuandalia kizazi cha madaktari watakaokutana na kimelea cha mwisho na wasikitambue.

Kwa hiyo nawafundisha wanafunzi wangu kuandika majibu kwa namna moja tu. Wataje sampuli ilichukuliwa saa ngapi, ilitazamwa baada ya muda gani, kwa njia gani, maeneo mangapi yamepitiwa, kisha waseme hawajaona kimelea. Wanalalamika kwamba fomu haina nafasi ya maneno hayo yote. Nawaambia waandike pembeni. Mtu atakayeisoma fomu hiyo katika hospitali ya wilaya, saa nane za usiku, na mtoto anayedegedeka mikononi, anastahili kujua ni kiasi gani cha kutazama kilichosimama nyuma ya jibu lile.

Na wale wanaopanga mitaala, wakiniuliza kozi hii ipunguzwe wapi, jibu ninalo. Punguzeni majina. Punguzeni spishi ambazo mwanafunzi hatakutana nazo, punguzeni mishale ya michoro, punguzeni maswali ya kuchagua herufi. Saa za kukaa mbele ya hadubini ziacheni kamili. Majina yanapatikana kitabuni siku yoyote mtu akiyahitaji. Subira ya kutazama hujengwa chuoni, eneo baada ya eneo, mwalimu akiwa nyuma ya kiti. Na aliyeikosa hapo ataingia wodini mahali ambapo hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha.